Bunduki ya Trapu ya Mtutu Mmoja: Dalili, Chanzo, na Uamuzi wa Kuinunua au Kuiacha

Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya trapu ya Kimarekani ina kazi moja tu. Visahani vya udongo vinarushwa kutoka kibandani, vinapaa vikimkimbia mpigaji aliyesimama yadi 16 nyuma (mita 14.6), au hadi yadi 27 akiwa mzoefu, naye ana risasi moja kwa kila kisahani. Ndiyo maana mtutu ni mmoja na mrefu, inchi 30, 32 au 34, mdomo wake umebanwa sana, kitako kimeinuka, na juu ya mtutu kuna reli ya kulengea. Ithaca ya New York ilianza na mfumo wa Flues, ikauacha mwaka 1922 na kuingia kwenye Knick uliobuniwa na Frank Knickerbocker. Parker ya Meriden, Connecticut, na L.C. Smith ya Fulton, New York, zilitoa za kwao mwaka 1917. A.H. Fox ya Philadelphia ilifuata muda mfupi baadaye. Browning BT-99, inayotengenezwa na Miroku nchini Japani tangu mwisho wa miaka ya 1960, ni mdogo wao ambaye bado yuko viwanjani kila wiki.

Umri peke yake hauziui bunduki hizi. Nyingi zilizoharibika ziliharibiwa na watu: aliyekata kitako, aliyechonga mdomo, aliyepaka rangi upya kwa njia isiyofaa, aliyeziba ulegevu kwa nyundo. Kwa hiyo ukiona dalili, jiulize kwanza nani aliigusa na alitaka nini. Halafu ujue wewe mwenyewe unataka nini, kwa sababu dalili ileile humpa mpigaji jibu moja na mkusanyaji jibu jingine kabisa.

Kabla ya yote, fungua bunduki, angalia chemba (sehemu ya mtutu inakokaa risasi) kwa macho, ingiza kidole. Beba risasi bandia mbili, tochi ndogo, karatasi nyembamba na kipimo cha vernia. Na sheria itangulie. Kenya na Tanzania leseni inatafutwa kabla ya ununuzi. Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mfanyakazi, amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mshauri wako hapo awe mwanasheria, si muuzaji.

Ukivuta kifyatulio, husikii kitu

Naanza na hii kwa sababu inaweza kuua mtu dukani. Umeweka risasi bandia, umefunga, umevuta kifyatulio, kimya. Mtu wa kawaida atasema springi imekatika, ataachia kidole na kuanza kuigeuza bunduki huku na huku. Pale pale alipoachia, nyundo inaanguka.

Hicho ni kifyatulio cha kuachia. Wapigaji wa trapu waliopiga risasi nyingi mno kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa kushtuka: jicho limeona, akili imeamua, kidole kinagoma. Dawa yao ni mtambo unaojiandaa ukivutwa na kulipua ukiachiwa. Bunduki za trapu zilizofanyiwa hivyo ni nyingi, na zikipita mikono mitatu minne, mwenye kujua anaweza kuwa amekwisha kufa. Chama cha trapu cha Marekani, ATA, kinataka bunduki ya namna hiyo iwe na kibandiko cha onyo, lakini vibandiko hubanduka.

Jaribu hivi: mdomo uelekee mahali salama, risasi bandia chembani, vuta polepole hadi mwisho, subiri, achia polepole. Mlio ukija wakati wa kuachia, jibu umelipata. Ukitaka kuighairi ikiwa imekwisha vutwa, endelea kushikilia kifyatulio, fungua bunduki, ndipo uachie. Kwa mpigaji asiye na ugonjwa huo, fundi bunduki anaweza kurudisha mtambo wa kawaida iwapo vipande vya asili vipo. Kwa mkusanyaji, swali ni hilohilo moja: vipande vya asili viko wapi? Vikiwa kwenye bahasha pamoja na bunduki, vizuri. Visipokuwapo, kwa Flues hasa, vipuri ni vigumu kupatikana, na bei ishuke kwa uzito huo.

Usiitafute sefti, yaani kizuizi cha usalama. Bunduki nyingi za aina hii zilitoka kiwandani bila sefti yoyote, kwa kuwa risasi huingizwa mpigaji akiwa tayari kwenye kituo chake. Kutokuwepo kwake si kasoro. Kasoro ni nyundo kuanguka bila kuguswa: ikiwa imekokiwa, na risasi bandia ndani, gonga kitako kwa upole juu ya mkeka wa mpira. Ikianguka, jino la kifyatulio limelika au limesuguliwa na mtu aliyetaka mvuto mwepesi. Bunduki hiyo haipigwi hata mara moja kabla haijapita kwa fundi.

Inatikisika ikiwa imefungwa

Ondoa kwanza mti wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, kwa sababu springi yake hubana kila kitu na kuficha ulegevu. Funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, tikisa juu chini, kisha kushoto kulia. Ukisikia au kuhisi mgongano, pini ya bawaba au ndoano inayokalia pini hiyo imelika. Angalia na wenzo wa kufungulia ulio juu: bunduki changa wenzo wake husimama kidogo kulia mwa mstari wa katikati, na kadiri kufuli linavyolika unasogea katikati, kisha kushoto. Uliopita kushoto umefanya kazi yake yote.

Thibitisha kwa karatasi. Karatasi ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1. Kata ukanda mwembamba, uweke kati ya mwisho wa mtutu na uso wa fremu (mwili wa chuma ulio kati ya mtutu na kitako), funga. Bunduki iliyobana vizuri itagoma au itafunga kwa shida. Ikifunga kirahisi, una nafasi ambayo kila mlipuko unaiongeza. Chukua pia masizi ya mshumaa, paka kwenye ndoano na uso wa mtutu, funga, fungua: pale masizi yalipofutika ndipo chuma kinapogusana. Mguso uwe mpana. Ukiona vidoa viwili tu, bunduki inaning'inia.

Sasa tazama ndoano yenyewe kwa tochi. Ukikuta safu ya vishimo vidogo vya panchi, au uso uliopigwa nyundo ukatanuka, au kipande cha bati kimebandikwa kwa lehemu, mtu aliziba ulegevu badala ya kuutibu. Bunduki itabana siku ya kuuzwa na kulegea baada ya maboksi machache ya risasi. Tiba ya haki ni pini mpya kubwa kidogo, au chuma kuongezwa kwenye ndoano na kuchongwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Nikiiona tiba ya haki sipunguzi heshima ya bunduki, hata kwa mkusanyaji. Nikiona panchi, naiweka chini.

Na kama bunduki inajifungua yenyewe inapolipuka, hakuna cha kujadili. Isipigwe tena.

Kwenye Ithaca za Flues, ongeza hatua moja. Zile za mitutu miwili zinajulikana kwa ufa kwenye kona ambapo sehemu bapa ya fremu inakutana na ukuta wa nyuma. Kwa hiyo Flues yoyote, hata ya mtutu mmoja, ifutwe mafuta hapo na kukaguliwa kwa lenzi. Ufa wa fremu hauna mjadala kwa mpigaji.

Mtutu unakwaruza ukigongwa

Toa mtutu, utundike kwa uzi kwenye ndoano yake, ugonge kwa kifundo cha kidole. Mtutu mzima hulia kama kengele na sauti hudumu. Ukisikia mtetemo wa bati, reli imeachia mahali fulani.

Chanzo cha kawaida ni lehemu kuchoka, lakini chanzo kibaya zaidi ni rangi mpya. Rangi nyeusi ya kisasa hupakwa kwa kuchemsha chuma katika chumvi kali zenye magadi, kwenye joto la takriban nyuzi 140. Magadi hayo hula lehemu ya madini ya risasi na bati iliyoshika nguzo za reli. Mtutu unatoka ukiwa mweusi na mzuri, na baada ya miezi mstari wa unga mweupe au kijani unaanza kuchungulia chini ya nguzo. Huo unga ndio wa kutafuta. Njia iliyofaa ni ile ya kutu ya polepole: kutu inaoteshwa, inachemshwa kwa maji, inasuguliwa, tena na tena. Ni kazi ya siku nyingi na inagharimu.

Kulehemu reli upya kunawezekana, ila joto lake linadai rangi ya mtutu mzima ifanywe tena. Jumlisha gharama zote mbili kabla hujataja bei.

Kivuli ndani ya mtutu

Hapa tumia muda wako. Pitisha kitambaa kikavu, kisha elekeza mtutu kwenye dirisha na uangalie mwanga unavyotambaa ukutani mwa mtutu unapougeuza taratibu. Mstari wa mwanga unaovunjika na kufanya hilali upande mmoja ni bonyeo: mtutu uligongwa kutoka nje. Pete nyeusi inayozunguka mtutu mzima ni uvimbe: kulikuwa na kizuizi ndani, labda kipande cha plastiki cha risasi iliyotangulia, na risasi iliyofuata ikakikuta. Pitisha vidole nje mahali palepale, utauhisi. Bonyeo dogo fundi analinyanyua. Uvimbe ni chuma kilichokwisha kutanuka na kuwa chembamba, na mimi bunduki yenye uvimbe siipigi, hata muuzaji akiapa kwamba imepiga hivyo miaka yote.

Vishimo vya kutu vinatofautiana kwa mahali vilipo. Karibu na mdomo ni suala la sura na usafi. Chembani na mbele yake kidogo ni suala la usalama, kwa kuwa shinikizo hufikia kilele ndani ya inchi chache za mwanzo. Jihadhari na mtutu wa miaka 100 unaong'aa kama wa jana: huenda ulisuguliwa ndani ili vishimo vitoke, na ukuta ukapungua. Kipenyo cha kawaida cha geji 12 ni milimita 18.5. Ukipata 18.9 au 19, mtu ametanua. Kutanua kwenyewe kulikuwa mtindo miongoni mwa wapigaji waliotaka teke jepesi, na si kosa kama ukuta uliobaki ni mnene. Fundi ana kipimo cha unene wa ukuta. Mafundi wengi wa Uingereza hukataa chini ya inchi 0.020, yaani milimita 0.5, mahali popote mtutuni. Bunduki za Marekani hazikupita kwenye nyumba rasmi ya kupima mitutu kama zile za Birmingham au Liège, kwa hiyo hakuna mhuri wa kukutetea. Ni kupima tu.

Chemba nayo ipimwe. Bunduki kadhaa za kabla ya Vita vya Pili zilichongewa chemba ya inchi 2⅝, karibu milimita 67, na risasi ya leo ni ya milimita 70. Mtego uko hapa: urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha funguka. Risasi nzima, mdomo wake ukiwa umekunjwa, haifiki hata milimita 60 au inazidi hapo kidogo tu, kwa hiyo inaingia kwenye chemba fupi bila kinyongo, bunduki inafunga, na mpigaji anaamini mambo ni sawa. Inapolipuka, mikunjo inafungukia kwenye shingo nyembamba ya mtutu na shinikizo linapanda. Dalili zake ni teke kali lisilo la kawaida na maganda yaliyochanika au kuchakaa mdomoni. Tiba ni mbili: kutumia risasi fupi, au kurefusha chemba, ambako kunadai kwanza unene wa ukuta upimwe. Mkusanyaji aiache kama ilivyo.

Hata chemba ikiwa ndefu ya kutosha, usiilishe bunduki ya zamani risasi za nguvu. Kikomo cha kiwango cha Marekani kwa geji 12 ya kawaida ni psi 11,500 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na risasi za viwandani zinaruhusiwa kukikaribia. Gramu 24 au 28 za marisawa kwa mwendo wa wastani huvunja kisahani kutoka yadi 16 vizuri kabisa. ATA yenyewe inaishia aunsi 1⅛, yaani gramu 32.

Mwisho wa mtutu, pima mbano. Kipenyo cha mdomo kikiwa karibu milimita moja chini ya kile cha ndani, mbano kamili wa kiwandani upo. Ukikuta hakuna tofauti, pima urefu wote kuanzia nyuma. Inchi 28 au urefu usio kamili, pamoja na reli iliyokatwa sawasawa na mdomo bila umaliziaji, maana yake msumeno umepita. Kwa mkusanyaji imekwisha. Kwa mpigaji wa trapu pia imekwisha, kwa sababu mbano ndio uliokuwa unanunuliwa.

Fataki imegongwa lakini haikulipuka

Tazama alama kwenye fataki, kile kidonge kilicho nyuma ya ganda ambacho pini hukigonga. Ikiwa ni ndogo na katikati, springi ya nyundo imechoka, au grisi ya zamani imegeuka gundi ndani ya fremu. Hilo la grisi ndilo la kawaida kuliko yote na ndilo rahisi: kusafisha kunatosha. Alama ikiwa pembeni, mtutu haukai mahali pake, rudi kwenye bawaba. Alama ikiwa nzuri lakini fataki imechomoza nje ya ganda, kuna nafasi nyuma ya ganda, ama kwa sababu bunduki imelegea ama kwa sababu kidaka ukingo (mfuo wa chemba unaopokea ukingo wa ganda) kimechongwa kina mno. Fataki iliyotobolewa ina chanzo kingine: ncha ya pini ni kali mno au tundu lake limetanuka, na hewa moto inarudi nyuma kuelekea macho yako. Miwani ya kinga si pambo.

Ganda kukataa kutoka mara nyingi ni kutu chembani, pengine springi ya kitoa maganda. Chemba ikisuguliwa kwa uangalifu, tatizo huisha.

Mti umekuwa mweusi, kuna mstari nyuma ya fremu

Bunduki iliyosimamishwa kabatini miaka mingi mdomo ukiwa juu huteremsha mafuta yote kwenye kichwa cha kitako. Mti unakuwa mweusi, unalainika, unapoteza nguvu ya kukaa sawasawa dhidi ya chuma, na teke linaanza kuupasua. Bonyeza kwa kucha karibu na fremu. Ukiona unyevu wa mafuta, umepata chanzo. Ufa mfupi unaanza nyuma ya ulimi wa fremu na kufuata nyuzi za mti. Mafuta hutolewa kwa asetoni na unga wa chaki, polepole, ufa ukagundishwa, mti ukakalishwa upya. Kazi hii inalipa, kwa sababu jozi (ule mti wa walnati) wa zamani wenye mawimbi mazuri hauagizwi dukani.

Kitako kilichokatwa kwa ajili ya sehemu ya shavu inayopanda na kushuka ni mfano safi wa majibu mawili. Mpigaji amepewa zawadi: bunduki nyingi za miaka ya 1920 zina kitako kilichoshuka kuliko tunavyopiga leo, na marekebisho hayo yanamwokoa. Mkusanyaji amepoteza sehemu kubwa ya thamani, na haitarudi.

Inang'aa kupita umri wake

Angalia herufi. Maandishi ya kiwandani yana kingo kali. Yakiwa yamezama na kulegea, chuma kilisuguliwa kwa gurudumu. Angalia skrubu: kwenye bunduki bora mifereji yake ni membamba na imeelekea upande mmoja, na iliyochubuka inasema imefunguliwa na asiye na bisibisi sahihi. Mawingu ya rangi kwenye fremu yakiwa mistari mikali ya bluu na kahawia, shuku tochi ya gesi. Hilo si suala la sura tu, kwa kuwa moto huo hulainisha fremu.

Namba ya fremu, ya mtutu na ya chuma cha mti wa mbele zilingane. Kisha omba historia. Kumbukumbu za L.C. Smith ziko Buffalo Bill Center of the West, Cody, Wyoming, na Parker Gun Collectors Association hutoa barua za Parker kutoka vitabu vya kiwanda. Barua ndiyo silaha dhidi ya nakshi za uongo, kwani bunduki za daraja la chini zimechongwa upya zifanane na za juu. Ithaca iliita daraja lake la kifahari kwa jina la John Philip Sousa, kiongozi wa bendi aliyependa sana trapu, na alama yake ni nguva wa dhahabu. Nguva anapendeza hata akiwa ameongezwa baadaye, ila bei yake haiwi ileile.

Inapiga juu ya ulipolenga

Fundi akishairuhusu bunduki, weka karatasi kubwa yadi 40 (mita 36.6), piga risasi moja katikati ya alama, kisha chora duara la inchi 30 pale marisawa yalipojaa zaidi. Mbano kamili unatarajiwa kuweka karibu asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara. Rudia kwenye karatasi kadhaa, moja haitoshi.

Kitovu kikiwa inchi 3 juu ya alama, bunduki inaweka asilimia 60 juu na 40 chini; kikiwa inchi 6, ni 70 kwa 30. Hiyo ilikusudiwa. Kisahani kinapaa, na bunduki inayopiga juu inakuruhusu kukiona badala ya kukifunika kwa mtutu. Kitovu kikienda kushoto au kulia ndipo pana ugonjwa. Jaribu kwanza ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, uone kama ni kitako kisichokufaa. Kisha chungulia mtutu kwa urefu, na upime unene wa mdomo pande zote nne. Mdomo ulio mnene upande mmoja kuliko mwingine ulichongwa mbano ukiwa umepinda, na unarekebishwa kwa kuondoa chuma tu, ikiwa bado kipo cha kuondoa.